Bei ya Mnada na Pesa ya Mkononi

Mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kwa msimu wa korosho wa 2024/25 ulifunguka mwezi Oktoba kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Habari ilienea haraka Mtwara na Lindi, na mjadala wa siku zote ukaanza upya. Wapo waliosema ushirika na stakabadhi ghalani ndivyo vilivyomtoa mkulima wa Kusini mikononi mwa walanguzi. Wapo waliokumbusha kwamba mwaka 2018 AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, zilikuwa hizihizi na maghala yalikuwa hayahaya, na bado wanunuzi walikuja na bei ambayo wakulima waliikataa mchana kweupe.

Pande zote mbili zina hoja, ila hakuna inayojibu swali lenyewe. Korosho ghafi ya Tanzania hununuliwa zaidi na wabanguaji wa Vietnam na India. Wakiihitaji sana bei hupanda, wakiwa na akiba ya kutosha hushuka, na haya hutokea AMCOS iwepo isiwepo. Kuusifu ushirika kwa bei ya dunia ni kuupa sifa isiyo yake, na kuulaumu kwa anguko la bei ya dunia ni kuubebesha dhambi ya wengine. Kinachotakiwa kupimwa ni kile unachoongeza wenyewe: je, kaya iliyo ndani ya ushirika inavuna zaidi, na msimu ukiisha inabaki na pesa zaidi, kuliko kama chama kisingekuwapo?

Kipimo hicho ni kigumu kuliko kinavyosikika. Njia inayokuja haraka ni kuwaweka wanachama upande mmoja, wasio wanachama upande wa pili, na kulinganisha. Mara nyingi wanachama huonekana wana shamba linalozaa vizuri zaidi na mfuko uliotuna zaidi. Lakini nani hujiunga? Aghalabu ni yule mwenye eneo kubwa kidogo, aliyesoma kidogo, anayefahamiana na mwenyekiti, anayeweza kulipa kiingilio na kununua hisa bila kuuza mbuzi. Huyo angewazidi jirani zake hata bila kadi ya uanachama. Watafiti makini hujitahidi kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini huondoa zile tu zinazoonekana kwenye dodoso. Bidii ya mtu, au uaminifu wake kwa wenzake, haijazwi kwenye kisanduku. Na katika zao kama korosho ulinganisho huo hauna hata pa kuanzia, kwa kuwa utaratibu unamtaka kila mkulima, mwanachama na asiye mwanachama, apeleke mzigo kwenye ghala moja na auze kwenye mnada mmoja. Bei ikipanda inapanda kwa wote. Kadi haitofautishi chochote mbele ya mizani.

Hata hivyo kuna tafiti zilizofanywa kwa uangalifu, na majibu yake si yale ya hotuba za Siku ya Ushirika. Mwaka 2008 Bernard, Taffesse na Gabre-Madhin walichapisha utafiti kuhusu vyama vya wakulima wa nafaka nchini Ethiopia. Waligundua kwamba wanachama walipata bei ya juu kwa asilimia 7 hadi 8 kuliko wakulima wa aina yao walioko mahali pasipo na chama. Ongezeko hilo si haba kwa mtu anayeuza magunia machache. Lakini kwa wastani wanachama hawakuongeza sehemu ya mavuno wanayopeleka sokoni. Wastani huo ulificha makundi mawili: wenye mashamba makubwa waliuza zaidi, wenye mashamba madogo waliuza sehemu ndogo zaidi kuliko wenzao wasio na chama.

Maofisa wengi wakisoma matokeo hayo husema chama kimeshindwa "kumfanya mkulima azalishe kibiashara". Mimi nayasoma vingine. Kaya maskini huuza mahindi wakati wa mavuno kwa sababu inadaiwa, kisha huyanunua tena Januari kwa bei maradufu. Ikipata bei nzuri kidogo, inaweza kumaliza deni kwa magunia matatu badala ya manne, na la nne likabaki ndani. Gunia hilo halionekani kwenye takwimu za mauzo, lakini watoto wanalila. Ushirika unaweza kuwa umeinua maisha ya kaya huku ukipunguza kile ambacho wapangaji wa uchumi wanapenda kukihesabu.

Rwanda nayo inatoa jibu lenye pande mbili. Verhofstadt na Maertens, mwaka 2015, walionyesha kwamba uanachama uliongeza kipato na kupunguza umaskini, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye ardhi kubwa na kwa walio mbali, kule barabara zinakokuwa za shida. Hilo la kwanza linasikitisha bila kushangaza. La pili ndilo linaloonyesha ushirika hufanya kazi wapi hasa. Mahali ambapo wanunuzi watano hugombania mzigo barabarani, chama hakina kikubwa cha kuongeza. Mahali anapofika mnunuzi mmoja na lori lake, na mizani ni yake, na pesa ni zake, chama kinaweza kubadili kila kitu.

Historia ya kwetu inathibitisha hilo bila kuhitaji dodoso. Kilimanjaro wakulima wa kahawa waliunda umoja wao, KNPA, mwaka 1925, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, wakati walowezi hawakutaka kabisa kuona Mwafrika akilima zao hilo. Chama kikuu cha KNCU kikaurithi umoja huo mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Kanda ya Ziwa ilichelewa, lakini ilipoanza ilikwenda kwa kasi. Malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba miaka ya mwanzo ya 1950 yalikuwa mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake walijenga hoja yao juu ya jambo ambalo kila mkulima alilijua kwa mgongo wake: mzigo uliomchosha njiani ulipofika kituoni ulikuwa mwepesi. Kufikia 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions ilikuwa imeundwa, na ndani ya miaka michache ikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika, ikimiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba. Faida ya kwanza ya ushirika ule ilikuwa uzito wa haki. Bei ilifuata baadaye.

Anayedhani jambo hilo ni la zamani atazame viazi vya Njombe na vitunguu vinavyopakiwa kwa lumbesa. Gunia hushonewa kilemba juu, mnunuzi hulipia gunia moja, mkulima hutoa gunia na nusu. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa desturi. Mazao hayo, kwa sehemu kubwa, hayapiti kwenye chama wala kwenye mizani ya pamoja. Ukitaka kujua AMCOS ya korosho au ya ufuta inafanya nini, pamoja na madhambi yake yote, angalia kwanza zao lisilokuwa na AMCOS.

Mpaka hapa tumezungumzia bei. Tija shambani ni habari nyingine, na kuna kosa linalorudiwa mno la kudhani kwamba ya kwanza ikitengemaa ya pili itajileta yenyewe.

Kahawa ya Kilimanjaro imekuwa na chama kwa zaidi ya miaka tisini, ikawa na kituo cha utafiti cha Lyamungu tangu miaka ya 1930, ikapata pia wanunuzi wa biashara ya haki wanaolipa ziada. Pamoja na hayo, mibuni mingi ni mizee, vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vimekuwa vidogo, na hekta moja ya kahawa nchini hutoa wastani wa kilo mia mbili na kitu hadi mia tatu tu. Bei bora haiui kutu ya majani wala chulebuni. Kinachoviua, au kinachovikwepa, ni mche mpya unaostahimili magonjwa, wa aina zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanzishwa mwaka 2001, pamoja na moyo wa kung'oa mti wa baba na kusubiri miaka mitatu bila mavuno. Miaka hiyo mitatu ndiyo kikwazo chenyewe. Kaya isiyo na pesa ya kuivuka haing'oi mti, hata ikihudhuria mafunzo kila mwezi. Chama kinacholeta miche bila kuleta kitu cha kula katika miaka hiyo kimefanya nusu ya kazi. Wengi wameamua kwa namna yao: ndizi, maziwa na mbogamboga vimechukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya kahawa.

Korosho inaonyesha upande wa pili, kwa kuwa kwake pembejeo moja huamua karibu kila kitu. Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ikawa haivutii, kisha ukaja ubwiri unga ukakausha maua. Ufufuo ulianza pale salfa ilipofika kwa wakulima na wakajua kuipulizia. Na salfa ina saa yake: mti unapochanua, kati ya Juni na Agosti, ama imepulizwa ama imechelewa. Mfuko unaofika Septemba ni unga wa manjano tu. Hapo ndipo chama chenye daftari sahihi la wakulima, kinachojua nani ana mikorosho mingapi na kinachoagiza mapema, huongeza mavuno waziwazi. Na chama chenye daftari la uongo, lenye wakulima hewa na miti hewa, huyapunguza waziwazi vilevile, kwa sababu salfa ya ruzuku huishia kwa asiye na hata mkorosho mmoja, naye huiuza.

Abebaw na Haile walionyesha mwaka 2013, tena Ethiopia, kwamba uanachama unaongeza matumizi ya mbolea. Siwezi kulipinga, ila msomaji akumbuke kuwa Ethiopia vyama vyenyewe ndivyo mkondo mkuu wa kugawia mbolea. Aliye karibu na bomba hupata maji.

Mkopo wa pembejeo ndio njia ya haraka kabisa ya kupandisha tija, na ndio pia hatari kuliko zote. Waulize wakulima wa tumbaku wa Tabora. Kule chama cha msingi huchukua pembejeo kwa mkopo kwa niaba ya wote, na deni ni la wote. Anayevuna vizuri hukatwa kulipia aliyevuna vibaya, au aliyevuna vizuri akatorosha mzigo kwa mnunuzi wa pembeni. Ukiongeza karani aliyeandika mifuko ambayo haikufika, mkulima hodari anamaliza msimu akiwa na tumbaku nyingi kuliko mwaka uliopita na pesa kidogo kuliko mwaka uliopita. Kwenye ripoti tija imepanda. Nyumbani mke anauliza hela iko wapi. Nimezisoma ripoti nyingi zinazotaja tija na kipato kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, na kila mara tumbaku inanijia akilini.

Linalounganisha mambo haya yote, kwa maoni yangu, ni tarehe ya malipo. Tunatumia wino mwingi kujadili bei ya mnada, na kidogo sana kujadili siku ambayo pesa inaingia.

Kaya ya kijijini haiishi kwa wastani wa mwaka. Ina Januari ya sare na madaftari na michango ya shule, ina mwezi wa njaa kabla ya mavuno, ina usiku wa mtoto mgonjwa. Mtu wa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, analijua hilo kuliko maofisa wote. Hufika na bakuli lake na noti mkononi, hununua korosho kwa kipimo kinachozidi kilo na bei iliyo chini ya nusu, nyingine zikiwa bado juu ya mti. Kagera wana butura, ambapo kahawa huuzwa ingali maua. Hakuna anayeuza kwa butura kwa sababu hajui bei. Anaijua vizuri. Anauza kwa sababu chama kitampa shilingi elfu kadhaa miezi sita ijayo, na yeye anazihitaji elfu chache leo. Kampeni za kuwakamata wanunuzi hawa, ambazo hufanywa kila msimu, zinapambana na matokeo na kuacha chanzo.

Mfumo wa stakabadhi ghalani uliwekewa sheria mwaka 2005 kwa wazo zuri. Mkulima aweke mzigo ghalani, apewe karatasi, na karatasi hiyo iwe dhamana ya kukopea benki wakati akisubiri bei. Korosho ilipoanza kuutumia msimu wa 2007/08, mkopaji hakuwa mkulima bali chama. Chama kilikopa benki, kikatoa malipo ya awali mzigo ulipofikishwa, kisha kikauza, kikalipa benki na riba yake, na kilichobaki kikagawiwa kama malipo ya pili, na mambo yakienda vizuri, malipo ya ziada yaitwayo majaliwa. Mambo yasipokwenda vizuri hakukuwa na cha kugawa. Bei ilipoanguka na mzigo kukaa ghalani huku riba ikikua, hasara yote iliangukia kwenye malipo ya pili. Aprili 2013, Liwale, wakulima walioambiwa watapata pungufu sana ya walichokuwa wakitarajia walichoma nyumba za viongozi.

Wanaolitaja tukio hilo kama ukorofi wa watu wa Liwale wangesoma habari za Kilimanjaro mwaka 1937, pale wakulima walipovamia majengo ya vyama vyao wakipinga bei ndogo na amri ya kuuza kwa KNCU pekee. Miaka sabini na sita na zaidi ya kilomita mia saba vinatenganisha matukio haya mawili. Sababu ni ileile. Mtu aliyelazimishwa kupitia mlango mmoja, asiyeoneshwa hesabu za ndani, hana njia ya kulalamika kwa kuondoka.

Baadaye utaratibu ulibadilishwa. Siku hizi mkulima hulipwa kwa mkupuo baada ya mnada, kupitia akaunti ya benki, na sasa minada mingi inaendeshwa kwa mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Mabadiliko hayo yameondoa riba na yameondoa mshangao wa malipo ya pili. Lakini yameondoa pia ile pesa ya kwanza iliyokuwa ikipatikana siku ya kupima. Yaani tumeifunga hatari upande mmoja tukaifungua upande mwingine, na aliyefunguliwa mlango ni mtu wa kangomba. Msimu wa 2018/19 ulionyesha hali hiyo ikifikia ukingo. Mwaka uliotangulia bei ilikuwa imekaribia shilingi 4,000. Safari hii wanunuzi walifika na kati ya 1,900 na 2,700, wakulima wakagoma, na mwezi Novemba Rais Magufuli akaamua Serikali inunue yote kwa 3,300, jeshi likasomba mzigo. Bei hiyo ilikuwa nzuri kuliko ya soko. Malipo yake yalikwenda kwa mwendo wa uhakiki, wenye zaidi ya kilo 1,500 wakaulizwa mashamba yao yako wapi, na wako waliosubiri hadi msimu mwingine ukawakuta. Ukiuliza wakulima wa wakati ule, wengi watakutajia muda waliosubiri kabla ya kukutajia ile 3,300.

Halafu kuna makato. Kati ya bei inayotangazwa mnadani na pesa inayoingia kwenye akaunti kuna ushuru wa halmashauri, tozo ya chama cha msingi, tozo ya chama kikuu, usafiri, ghala, magunia, na wakati mwingine mchango wa jambo ambalo mkutano mkuu ulilipitisha saa kumi na mbili jioni wakati nusu ya wanachama wameshaondoka. Kila moja lina maelezo yake, na mengi ni halali. Tatizo ni kwamba mkulima wa kawaida huletewa jumla, hapewi mchanganuo. COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama lililoundwa mwaka 1982, limekuwa likitoa hati zenye mashaka na hati chafu kwa vyama vingi kwa miaka mingi, na ukimuuliza mwanachama hati ya chama chake ilikuwa ya aina gani, mara nyingi hajui kama kulikuwa na ukaguzi. Mizani ya kidijitali na MUVU, mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama, vimeanza kuziba baadhi ya matundu. Mizani haidanganyi ikisomwa na mwenye mzigo. Ikisomwa na karani peke yake, ni ya zamani yenye taa.

Dawa iliyopendekezwa kwa muda mrefu ilikuwa kukiondoa chama katikati. Tumeijaribu mara mbili kwa namna mbili. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu na kuweka mamlaka za mazao zilizonunua moja kwa moja vijijini. Zikachelewesha malipo, zikala sehemu kubwa ya bei kwa gharama zake zenyewe, na kufikia 1982 sheria mpya ilikuwa imeruhusu vyama virudi. Miaka ya 1990 ikaja njia ya pili: soko huria. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa kwenye pamba na kahawa, wakalipa taslimu papo kwa papo, na vyama vikuu kama KNCU na Nyanza vikapoteza mzigo kwa kasi. Lazima tukiri kwamba wakulima wengi walifurahi. Fungu lao kwenye bei ya nje liliongezeka, na pesa ilionekana. Kilichokufa kimyakimya ni mkopo wa pembejeo. Zamani chama kilikata deni lake mizani inapopima. Sasa mkulima angeweza kuchukua dawa kwa mmoja na kuuza kwa mwingine, basi hakuna aliyekuwa tayari kumkopesha. Kipato kikapanda kwa misimu michache, tija ikasinyaa nyuma yake. Huo ndio ushahidi bora tulio nao kwamba vitu hivi viwili vinaweza kwenda njia tofauti.

Marudio ya ushirika kuanzia mwaka 2018, pale kahawa na pamba ziliporudishwa kwa amri kwenye AMCOS, yamerudisha uwezo wa kukata deni, kwa hiyo yamerudisha uwezekano wa mkopo. Yamerudisha pia ule mlango mmoja wa 1937. Sheria ya Ushirika ya mwaka 2013 inasema uanachama ni hiari. Hiari hiyo ina maana gani kama hakuna pengine pa kuuza? Chama ambacho wanachama hawawezi kukihama hakina sababu ya kuwahi kulipa. Wale wa Kilimanjaro waliojitoa KNCU mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuuza pamoja kwa jina la G32 walikifundisha chama kikuu adabu ambayo hakuna mrajis angeweza kuifundisha.

Na ndani ya kaya, pesa huingia kwa nani? Fischer na Qaim walipochunguza vikundi vya wakulima wa ndizi nchini Kenya waliona kwamba zao lililokuwa la wanawake likianza kuuzwa kwa kikundi na kuleta pesa ya maana, wanaume walisogea na kuchukua usimamizi wa mapato, isipokuwa pale wanawake wenyewe walipokuwa wanachama. Kwetu uanachama wa AMCOS hufuata umiliki wa shamba, shamba huandikwa jina la mume, na akaunti ya benki hufuata jina lilelile. Mwanamke aliyeokota korosho miezi mitatu huona ujumbe wa benki ukiingia kwenye simu ambayo si yake. Kusini kila mtu ana hadithi za msimu, za pikipiki mpya na ndoa mpya, na hadithi hizo huchekesha zaidi zikisimuliwa na wanaume. Kipato cha kaya kimepanda, ndiyo. Kama kimefika jikoni ni utafiti mwingine ambao haujafanywa vya kutosha.

Maziwa yanafanya tofauti. Vyama vya wafugaji wa Tanga wanaopeleka maziwa Tanga Fresh, au Githunguri kule Kenya, chama kilichoanza mwaka 1961 kwa wafugaji 31 na leo kina kiwanda chake, havina siri ya uongozi ambayo vingine vimeikosa. Vina zao linalopimwa kila asubuhi na kulipwa kila mwezi au kabla yake. Kosa la karani hugundulika ndani ya siku chache, si baada ya mwaka. Dawa ya ng'ombe na chakula chake huchukuliwa kwa mkopo na kukatwa mwezi huohuo, kidogokidogo, kabla deni halijawa mlima. Na kwa kuwa mara nyingi mama ndiye anayekamua na kupeleka, ana nafasi bora ya kuishika pesa. Tija na kipato huko hupanda pamoja kwa sababu mzunguko wa pesa ni mfupi. Korosho haiwezi kukamuliwa kila siku, lakini mzunguko wake unaweza kufupishwa.

Aprili 2025 Benki ya Ushirika ya Tanzania ilizinduliwa Dodoma, ikiwa na mizizi kwenye benki ya ushirika ya Kilimanjaro na ile ya jamii ya Tandahimba. Kenya walikuwa na benki ya ushirika tangu miaka ya 1960. Majengo yake na matawi yake havinishughulishi sana. Ninachosubiri kuona ni kama mkulima wa Tandahimba ataweza kuingia na stakabadhi ya magunia yake mwezi wa kumi, akatoka na sehemu ya pesa siku hiyohiyo kwa riba inayovumilika, deni likiwa lake na si la kijiji kizima, na salio likimfuata mnada ukiisha. Ndivyo sheria ya 2005 ilivyokusudia. Likiwezekana hilo, bakuli la kangomba litabaki bila wateja bila kuhitaji polisi, na mwezi wa sita kutakuwa na pesa ya salfa nyumbani.